Vioo vya Kinyozi

3 Juni

Dada yangu mkubwa, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Kama umeshakaa, simama, kisha ukae upya, maana habari hii si ya kusomwa kwa papara. Duka langu limekuwa kanisa.

Usiniombee bado. Sijalewa na sijatapeliwa. Mimi mdogo wako, kinyozi niliyewanyoa manahodha wa meli, mabondia, na yule balozi aliyebakiwa na nywele chache nami nikazitendea haki zote, nakuandikia nikiwa na akili zangu kamili. Unajua tangu Baba afariki sijaingia kanisani ila kwa harusi na mazishi, na hata huko hukaa nyuma nikisikitikia visogo vilivyonyolewa vibaya na watu wengine.

Ilianza hivi. Asubuhi mbele ya duka langu husimama gari la mikate. Dereva wake ni mama mmoja wa nywele fupi, na nywele hizo ananyoa kwangu kwa sababu Mungu amempa macho. Siku moja mashine iko kisogoni pake, akaniuliza, "Kinyozi, Jumapili unafungua?"

Nikamwambia, "Jumapili nalala. Mungu mwenyewe alipumzika."

Akasema, "Alipumzika. Hakukoroma."

Dada, nilizima mashine. Mtu wa kunijibu mimi hivyo, tena mimi ndiye nimeshika mashine, si mtu wa kawaida. Kumbe ni mchungaji! Wa kuwekewa mikono kabisa. Kola yake nyeupe inakaa kwenye droo ya gari, chini ya risiti za mikate. Askofu wake amemruhusu ajaribu kanisa la namna nyingine, kwa ajili ya watu ambao majengo hayawapati: walio kazini, waliokwazika, na wavivu wenye heshima kama mimi.

Walikuwa wanakutana kwenye kibanda cha Bawabu, mzee anayelinda ghala la mtaa wa pili. Humo wakikaa watatu, wa nne anasali akiwa nje. Mmoja wao ni Fundi Cherehani, yule mama kiziwi anayenishonea shuka za kunyolea. Siku aliyoniletea shuka mpya, Mchungaji alikuwa kwenye kiti. Unakumbuka duka langu lina vioo kuta zote mbili, ili mteja ajione mpaka kisogo? Mchungaji akamsemesha kwa mikono huku akitazama kioo, na Fundi, aliyempa mgongo, akamjibu. Kisha akaganda. Akazunguka polepole, akatazama kioo hiki na kile. Akachukua kalamu yangu, akaandika nyuma ya kalenda: "Miaka yote kanisani nimetazama visogo. Hapa naona nyuso zote. Tuhamie hapa."

Ungekuwa wewe ungekataa? Visogo ni riziki yangu, Dada, lakini sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu vimemzibia njia.

Basi Jumapili mimi ndiye mwenye funguo za kanisa. Nambie, nani mwingine katika ukoo wetu amepata cheo hicho?

Mdogo wako,
Kinyozi wa Mataifa

Simu yako inaita weee mpaka inachoka. Una nini nayo?


15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na makosa yake ya tahajia nimeyasahihisha kwa wino mwekundu, ila sikurudishii kwa sababu utayatundika ukutani kama cheti.

Simu naiacha kabatini siku hizi. Inafanya watu waropoke. Barua inamlazimisha mtu afikiri, nawe zoezi hilo litakufaa. Halafu nina kikohozi.

Sasa hilo kanisa lako. Madhabahu iko wapi, kwenye meza ya poda? Mnapiga magoti juu ya nywele za watu? Sikukatazi kusali, nimekuombea usali tangu ulipoanza kuota ndevu. Lakini Baba alihubiri miaka yote akiwa amesimama mahali palipoinuka, watu wakatulia, wakasikiliza. Kuna kitu kinaitwa adabu. Na huyo mchungaji wa mikate, umeuona mkono wa askofu wake kwenye karatasi au umeona kola tu? Kola hata mimi naweza kukushonea.

Nawe mwepesi wa kupenda mambo mapya. Sijasahau yule sungura.

Huku kwaya inaendelea vizuri. Wameshona sare mpya za samawati. Jumapili walianza ule wimbo mrefu wenye sauti nne, na besi hawakupotea.

Dada yako


24 Juni

Dada mwalimu, shikamoo ya wino mwekundu.

Sungura yule alikuwa biashara nzuri, ni paka wa jirani tu aliyekosa maono. Tuliache.

Askofu nimemwona kwa macho yangu! Alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, akasikiliza mpaka mwisho, akaagiza chai. Kisogo chake kilinitia huruma, nikamrekebisha bure. Kwa hiyo karatasi ipo, na kichwa cha askofu kina sahihi yangu.

Sasa ngoja nikwambie tunavyofanya. Hakuna anayehubiri peke yake. Mmoja anasoma kwa mdomo, Mchungaji anatafsiri kwa mikono, kisha anayetaka anauliza. Mchungaji akizidisha maneno, Bawabu anamwonyesha saa. Bawabu ni Mkatoliki tangu kwa babu yake na rozari yake iko mfukoni. Wengine wanatoka makanisa ya ngoma na kupaza sauti. Hakuna anayeambiwa ahame kwake. Anaambiwa asogeze kiti.

Jumapili iliyopita tulisoma habari za Samsoni. Wote wakaingia kwa Delila: Delila hivi, Delila vile. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Jamani, mbona hakuna anayemuulizia kinyozi?" Nikawaambia, someni vizuri, Delila aliita mtu, yule mtu ndiye aliyenyoa. Kaitwa kazini. Kakuta mteja kalala kwenye mapaja ya mwanamke. Je, alijua anachofanya? Alilipwa? Alilala usiku ule? Dada, waliangua kicheko, kisha kicheko kikaisha, na Bawabu akasema taratibu, "Mimi nimelinda maghala ya watu miaka mingi bila kuuliza ndani mna nini." Tuliongea mpaka chai ikapoa. Mimi! Niliyefukuzwa Shule ya Jumapili kwa kuwauzia wenzangu maswali ya mtihani!

Na tunaimba kwa mikono. Fundi Cherehani anatufundisha nyimbo kwa lugha ya alama, na wenye sauti wanatia sauti. Mikono inaruka kwenye vioo kama kuku wameingia sokoni. Mimi ndiye bora, ila nawahi kidogo.

Sasa, jambo lenyewe. Tarehe 25 Agosti Mchungaji ataleta mkate na kikombe, Meza ya Bwana ya kwanza dukani kwangu. Nami nimeshawaambia wote kwamba atakuja dada yangu, mwalimu wa kwaya, mwenye sauti ya kupasua vioo, na kwamba siku hiyo itabidi niviteremshe ukutani. Wateja wote wanajua. Muuza magazeti anajua. Nauli juu yangu. Useme tu ndiyo.

Kinyozi mwenye funguo


6 Julai

Mdogo wangu,

Sitaweza kuja. Nina shughuli nyingi kanisani.

Ungeniuliza kabla ya kunitangaza mtaani kama sabuni.

Dada yako


13 Julai

Dada,

Barua yako niliisoma mara moja tu. Ilitosha.

Nimenyoa siku nzima bila mzaha, mpaka wateja wanauliza nani kafa. Naelewa. Wewe ni mtu wa kinanda na sare za samawati, sisi ni watu wa viti vya plastiki na harufu ya spiriti. Ungekuja ungesema nini kwa wenzako, kwamba mdogo wako anasalia chini ya picha za mitindo ya nywele? Sawa. Lakini mimi sikukualika uje kukagua. Nilipata kitu kizuri, na mtu wa kwanza niliyetaka akione ni wewe. Ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni, hata nikiokota kifuniko cha chupa nilikimbilia kwako.

Kwa yale ya kukutangaza, nisamehe. Mdomo wangu unaujua, ulinilea nao.

Sikununii. Nimekaa tu upande.

Mdogo wako


16 Julai

Mama Mwalimu wa Kwaya,

Hunifahamu. Mimi ni Fundi Cherehani, mmoja wa hao wanaosali kwa kinyozi. Anwani yako nimeiona kwenye bahasha alipokuwa anailamba kwa hasira. Hajui kwamba nakuandikia.

Sitaki kukulazimisha kuja. Nataka kukuuliza jambo la kazi, kama fundi kwa fundi.

Nilizaliwa bila kusikia. Nyimbo nazijua kwa mikono. Ninapoimba peke yangu naimba vizuri, mume wangu anasema hivyo na yeye si mtu wa sifa. Lakini hapa tuko kumi na kitu, na kila mtu anaanza anapotaka, anamaliza anapotaka. Wenye kusikia wanafuatana kwa masikio, nasi viziwi watatu tunabaki nyuma. Ndugu yako anamaliza ubeti wakati wengine bado tuko katikati, kisha anasimama akitutazama kwa huruma. Nimejaribu kuhesabu kwa vidole. Inakuwa kama kupima kitambaa, si wimbo.

Anasema kwaya yako ilianza kama mtu mmoja na kunyamaza kama mtu mmoja. Uliwashikaje? Si sauti nauliza, sauti haitanisaidia. Mikono yako ilifanya nini?

Fundi Cherehani


27 Julai

Fundi mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, maziwa yakamwagika yote.

Hakuna aliyewahi kuniuliza mikono yangu ilifanya nini. Nakujibu.

Usiwaanzishe kwa mkono unaoshuka. Watu wengi hukosea hapo. Waanzishe kwa pumzi. Inua mikono, subiri macho yote yaje kwako, kisha vuta pumzi waione: mabega yapande, kifua kijae. Nao watavuta pamoja nawe, hawawezi kujizuia. Mkono ukishuka watakuwa wameshaanza zamani, ndani. Na kwa kuwa mna vioo, hata aliyekupa mgongo ataiona pumzi hiyo. Mimi sikuwa na bahati hiyo, besi wangu walikuwa nyuma ya nguzo.

Kufunga wimbo, kusanya vidole kama unayeokota chumvi iliyomwagika mezani. Usikunje ngumi, ngumi inawashtua. Na usimtazame anayechelewa, utamchelewesha zaidi. Mtazame anayewahi. Mkazie macho ndugu yangu mpaka aone aibu. Itachukua muda.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia yeye. Mwaka jana nilitolewa uvimbe kooni. Uvimbe ulikwenda na sauti ikaufuata. Nilichobakiwa nacho ni mnong'ono kama mlango unaoburuzwa sakafuni. Yeye nilimwambia nimekwenda kupumzika kwa shangazi. Ndiyo maana simu iko kabatini.

Kanisani hawakunifukuza, usidhani hivyo. Walinihurumia, na hilo lilinishinda. Walianza kunisemesha polepole kwa kupaza sauti, kana kwamba nilitolewa na masikio pia. Wakanipa kamati ya maua. Mimi, Fundi, kamati ya maua! Sijaenda tena. Jumapili nafungua dirisha, kwaya naisikia kutoka hapa. Sare za samawati nimeziona zikipita barabarani.

Ndugu yangu amewaahidi sauti ya kupasua vioo. Nije nifungue mdomo itoke nini? Usimwambie. Kwako imekuwa rahisi kusema, labda kwa sababu wewe hukuwahi kuijua sauti yangu, huna ulichokosa kwangu.

Mwalimu


5 Agosti

Dada, shikamoo, shikamoo, na ya tatu uiweke akiba!

Nimetoka upande niliokaa. Siwezi kununa na habari kama hii mkononi.

Jana Fundi Cherehani alisimama katikati ya duka, akainua mikono, akatutazama mmoja mmoja mpaka tukajisikia tumevaa vibaya. Kisha akavuta pumzi. Pumzi tu, Dada! Na watu wote wakavuta, mimi, Bawabu, Mchungaji, hata mteja aliyekosea siku akaingia kunyolewa. Kwenye vioo vyote mabega yalipanda pamoja. Mikono iliposhuka tulikuwa kitu kimoja. Nywele za mikono zilinisimama, na nywele nazijua.

Mimi aliniangalia wimbo mzima. Nilifikiri nina kitu puani.

Tulipomaliza alikusanya vidole hivi, kama anaokota kitu mezani, tukanyamaza wote sawia. Bawabu akatoa rozari akaibusu. Nikamuuliza Fundi, umejifunzia wapi? Akaandika kwa kidole juu ya poda ya mezani: "Kwa fundi mwenzangu." Nani? Akacheka, akayafuta.

Nakuandikia si kukulazimisha. Nimeshawaambia watu hutakuja, kwamba una majukumu makubwa. Lakini nilipoona vile vidole niliguswa na kitu nisichokijua, kama nimewahi kuviona utotoni nikiwa nimekaa ngazi za mbele, nakusubiri mmalize mazoezi twende nyumbani.

Kikohozi kimepona?

Mdogo wako


14 Agosti

Mdogo wangu,

Uliviona kweli. Vilikuwa vyangu.

Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kupiga kelele. Sikuwa na kikohozi. Sikuwa kwa shangazi. Nilipasuliwa koo, na sauti uliyowaahidi watu haipo tena na haitarudi. Sikukataa kuja kwa sababu ya viti vya plastiki. Nilikataa kwa sababu wewe ndiye mtu wa mwisho aliyebaki duniani kujisifia sauti yangu, nikaogopa kukuondolea hilo.

Niliposoma kwamba Fundi amevuta pumzi na chumba kizima kikavuta naye, nilikwenda mbele ya kabati lenye kioo, nikainua mikono. Mwaka mzima sikuwahi kuinua. Wimbo niliumaliza wote, mlango nimeufunga, bila mtu wa kunihurumia.

Nakuja tarehe 24. Nikishuka stendi usiniite kwa sauti, maana sitaweza kuitika na watu watageuka. Usinisemeshe polepole, masikio yangu ni mazima kuliko yako. Usilie. Ukilia nitarudi na gari lilelile. Na tafadhali, kwa mara moja katika maisha yako, nyamaza.

Na hiyo madhabahu yenu ya poda tuione.

Dada yako


10 Septemba

Dada, shikamoo.

Duka limekuwa kubwa bila wewe. Mteja wa kwanza leo kauliza, "Yule mama wa mikono yuko wapi?" Nikamwambia, huyo ni dada yangu, mwalimu, aliwahi kufundisha kwaya nzima, besi wakiwa nyuma ya nguzo, ukitaka kumwona toa nauli. Unaona, kujisifu hukuniondolea. Umenibadilishia bidhaa tu.

Sasa kwa kuwa uko mbali na huwezi kunikazia macho, nikiri wazi: stendi nilinyamaza mpaka nyumbani, mpaka jirani akaniuliza kama nimeng'olewa jino. Sikulia. Yale yalikuwa spiriti ya kunyolea.

Na nikwambie ulichokosa kukiona, kwa sababu ulikuwa unaongoza. Mchungaji alipoweka mkate kwenye meza ya poda, nilikutazama wewe kwanza, nikingoja useme neno kuhusu adabu. Ulikuwa unapangusa poda kwa kitambaa chako cha kichwa. Fundi akakuinukia, akakuachia nafasi ya katikati. Ulipovuta pumzi, Bawabu aliyekuwa amesinzia baada ya zamu alivuta akiwa bado amelala, namwapia Mungu. Na Fundi, kwa mara ya kwanza, hakufundisha mtu. Aliimba tu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mikono haikukosea hata kidogo. Mume wake, yule asiyesifu mtu, aliketi karibu nami akaniambia, "Leo amepumzika."

Nami siku ile sikumtangulia mtu. Mwandikie yeyote ukitaka kuthibitisha.

Barua yako ya jana imenichekesha mpaka nikamkata mteja sharafa vibaya. Kumbe ile kamati ya maua uliyoidharau, mmoja mguu haumruhusu kupanda ngazi za kanisa, mwingine aligombana na wenye sare, na wa tatu hajasikia vizuri tangu ujana na alikuwa anaona haya kusema! Na sasa wanakuja sebuleni kwako Alhamisi kuimba kwa mikono, na mchungaji wenu naye ameomba kiti. Mimi nilijua. Mimi huwa najua mambo mapema, ni vile tu sisemi.

Unaniuliza kioo kikubwa cha ukutani kinauzwaje. Usinitukane. Gari la mikate linakuja upande wenu Jumatano, na Mchungaji amekifunga kwa shuka za Fundi, kimelala kati ya mikate ya jana. Si kipya. Nimekiteremsha ukuta wa kushoto, kile ulichokielekea. Wateja wa upande huo watajiona kisogo nusu, watazoea.

Niliwaambia watu utavipasua vioo vyangu. Vyote ni vizima. Hicho ukikitundika usikisugue sana, Dada. Kimeshakuona ukiimba.

Mdogo wako,
Kinyozi